Nani Aamue Mwendo wa Msafara?



Barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto ina zaidi ya kilomita 30 za lami nyembamba, mlima huku, bonde kule, kona juu ya kona. Mara unakutana na lori la mboga linashuka. Kwa klabu ya pikipiki inayotafuta safari ya siku moja, asubuhi kwenda na jioni kurudi, pale ni patamu kwelikweli. Lakini pale pale linazuka swali ambalo naona ni la kimaadili kabla ya kuwa la udereva: msafara una watu kumi na tano, nani aamue mwendo? Yule hodari, au yule aliyenunua pikipiki mwezi uliopita?

Tusimdharau yule hodari, ana hoja. Amejaza mafuta kwa hela yake, ameomba ruhusa kazini, kona anazijua. Kwa nini siku nzima aende mwendo wa kuchosha kwa ajili ya mwingine? Si uhuru wake?

Sasa mtazame yule mgeni. Anaona wenzake wanapotelea kwenye kona. Hasemi "siwezi," anaona aibu. Anaongeza moto. Anaingia kwenye kona kwa mwendo wa watu wengine huku uwezo ni wake yeye, na hapo ndipo mtu anaanguka. Je, nani amemwangusha? Hakuna aliyemsukuma. Kila mmoja anaweza kusema, "Mimi nilikuwa mbele, sikumgusa." Ni jibu linalofanana sana na lile ambalo Kaini alimpa Mungu alipoulizwa ndugu yake yuko wapi. Ndiyo maana mwanzoni mwa Misa hatuungami matendo tu, tunaungama pia kutotimiza wajibu. Unaweza kumdhuru mtu kwa kutotazama nyuma tu.

Klabu zenye uzoefu zina utaratibu wa jambo hili. Kuna kiongozi mbele, na kuna mwenye uzoefu anayefunga msafara nyuma kabisa. Kila dereva anamwangalia kwenye kioo yule anayemfuata. Asipomwona, anapunguza mwendo. Wakifika njia panda, kama pale Soni ambapo barabara moja inakwenda Lushoto na nyingine Bumbuli, yule wa pili kutoka mbele anasimama pembeni na kuwaonyesha wenzake njia. Anakaa hapo mpaka anayefunga msafara afike, ndipo anaondoka mbele yake kidogo. Yaani aliyekuwa wa pili sasa yuko karibu na mkia. Njia panda inayofuata, ni zamu ya mwingine.

Utaratibu huu hausemi wote waende mwendo mmoja. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Hodari anapewa kona zake, mgeni anapewa usalama wake na uhakika kwamba hatapotea. Gharama yake ni dakika chache za mtu mmoja kusimama juani. Kumbe upendo haudai tufanane. Unadai mmoja wetu akubali kusubiri pale ambapo mwenzake angepotea.

Mgeni naye ana wajibu: asidanganye. Kusema "nyie tangulieni, mimi naja polepole" ni unyenyekevu, na unyenyekevu ni kuujua ukweli juu ya nafsi yako na kuukubali. Lakini tuwe wakweli na sisi: mtu anasema hivyo kwa urahisi pale tu anapojua kwamba mbele kuna anayemsubiri. Kundi lisilosubiri linawafundisha wanyonge wake kujifanya hodari.

Mtume Paulo alilikuta tatizo hili mezani. Korintho, wengine walitangulia kula wakashiba, wengine wakabaki na njaa. Dawa aliyowapa ni fupi: wangojane (1Kor 11:33). Kwake, kutongojana kulikuwa ni kuliharibu Karamu ya Bwana yenyewe.

Hebu sasa jitazame wewe na wenzako. Kwenye kundi lako la VIWAWA au jumuiya yako yupo aliyerudia mtihani mara mbili, yupo asiyepata kazi mpaka leo, yupo aliyeacha Misa na anaona haya kurudi. Mara ya mwisho umemwona lini kwenye kioo chako? Usingoje akupigie honi. Wiki hii chagua njia panda moja, simama, msubiri: simu moja, au kumpitia Jumapili mwende kanisani pamoja.

Tuombe: Ee Bwana, uliyetembea polepole na wanafunzi wawili wa Emau, tujalie macho ya kumwona aliye nyuma yetu, na moyo wa kumngoja. Amina.