Gari la Kale katika Siku za Maradhi

Mtu mwenye gari la kale, alilolirithi kwa baba yake au alilolinunua likiwa chuma kibovu akalifufua kwa mali na subira, ana haki ya kulipenda. Maana kuienzi kazi njema ya mikono ya waliotangulia ni sehemu ya shukrani, na shukrani haikulaumiwa katika dini yoyote. Lakini yako masuala ambayo haki peke yake haitoshi kuyajibu, na moja katika hayo ni hili: yanapoenea maradhi ya kuambukiza, na watu wakaamriwa au wakanasihiwa kukaa majumbani mwao, je, yafaa mtu kulitoa gari lake barabarani kwa ajili ya tafrija tu, ikiwa yumo peke yake, vioo amevipandisha, na hapana anayemkaribia?

Mwaka 2020 suala hili liliwafikia watu wa Afrika Mashariki kwa namna mbalimbali. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku kuanzia tarehe 27 Machi, na mwanzoni mwa Aprili ikazuia watu kuingia na kutoka Nairobi na sehemu za pwani. Uganda ilizuia hata magari ya watu binafsi. Na Safari Rally, mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953, ambayo yalikuwa yarejee katika ubingwa wa dunia Julai ya mwaka ule, yakaahirishwa hata Juni 2021. Tanzania ilifunga shule na vyuo, lakini haikuwafungia watu ndani. Na kwa hiyo mkazi wa Lipangalala, katika mji wa Ifakara, hakuwa na askari wa kumzuia njiani, bali dhamiri yake. Nadhani ni hapo ndipo suala linapodhihirika zaidi, kwa kuwa lililokatazwa na sheria huhukumiwa na hakimu, bali lililoachiwa hiari ya mtu humpima mtu mwenyewe.

Hoja ya dereva kwamba yu peke yake, wala hamdhuru mtu, ni hoja ya kusikilizwa kwa insafu. Udhaifu wake ni kuwa upweke huo haudumu. Gari la kale huchemsha rejeta, huua betri, hukatika mkanda wa feni. Na likisimama njiani, watu wa bonde la Kilombero, ambao si desturi yao kumpita aliyekwama, watakusanyika kulisukuma bega kwa bega, na fundi ataitwa aache nyumba yake. Likipinduka katika barabara ya Kidatu, majeruhi atapelekwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ambayo hutegemewa na wagonjwa wa Kilombero na wa ng'ambo ya mto, naye atahitaji kitanda, damu, na mikono ya wauguzi waliokwisha kuelemewa. Basi tafrija ya mmoja ina wadhamini wengi ambao hawakuulizwa kama wako radhi.

Ifakara ni mji uliojua mapema kuwa jambo la mmoja huwafikia wengi. Taasisi ya Afya ya Ifakara, ambayo asili yake ni maabara ya Waswisi iliyoanzishwa mwaka 1957, imefanya kazi kubwa ya utafiti wa malaria na vyandarua vyenye dawa. Na ni jambo lililothibiti katika utafiti huo kuwa vyandarua vikienea mtaani, hata asiye na chandarua hupata sehemu ya hifadhi, kwa kuwa mbu wa mtaa mzima hupungua. Ikiwa manufaa ya mtu hupita ukuta wa nyumba yake yakamfikia jirani, madhara yake nayo yatazuiwa na nini?

Dini zetu hazikunyamaza. Mtume Muhammad aliwafundisha wafuasi wake wasiingie katika nchi yenye tauni, wala wasitoke ndani yake kwa kuikimbia. Na Khalifa Umar, alipokuwa safarini kwenda Sham akapata habari ya tauni, alirejea Madina na watu wake, na sahaba Abu Ubaida alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alimjibu kuwa aiendeayo nayo ni kadari Yake. Umar alikuwa katika safari ya kazi ya dola, naye akaikatiza. Itakuwaje basi kwa safari ya kujifurahisha? Mafakihi wamepanga mambo ya binadamu katika daraja tatu, yaani dharura, haja, na mapambo ya maisha, wala hawakuruhusu la chini libomoe la juu. Naye Mtakatifu Paulo aliwakumbusha Wakorintho kuwa uhalali wa jambo hautoshi, ikiwa halimjengi mwingine.

Hata hivyo, hukumu hii ni ya safari, si ya gari. Kabla ya daraja la mto Kilombero kufunguliwa mwaka 2018, mama mja mzito kutoka ng'ambo alivuka kwa pantoni ili aifikie hospitali. Na hata leo, masika yanapougeuza udongo wa bonde kuwa tope, Land Rover kuukuu iliyoinuka juu ya ardhi yaweza kupita pale gari jipya linapozama. Mwenye kulitoa gari hilo kumbeba mgonjwa hana lawama, bali ana thawabu. Kule Uganda, mgonjwa alihitaji kwanza kibali cha mkuu wa wilaya ndipo abebwe garini, hata baadaye wajawazito wakasamehewa sharti hilo. Nami nasema kuwa amri imfungayo mgonjwa pamoja na mpenda matembezi imeisahau sababu ya kuwekwa kwake, nayo ni kuhifadhi uhai.

Anayehofu kuwa gari litaharibika kwa kukaa, na aliwashe uani, alisogeze kidogo ili matairi yasikae upande mmoja, autoe waya wa betri, asubiri. Chuma kilichostahimili zaidi ya miaka hamsini kitastahimili miezi michache. Ndugu msomaji mwenye gari la kale, siku za maradhi zikirudi, liache bandani hata jirani atakapokuhitaji. Na atakapokuhitaji, usisite hata saa moja.