Nadhiri Katika Maazimio ya Kazi

Maazimio ya kazi ya mwalimu wa Kenya yana safu inayoanza kwa maneno yaleyale tangu wiki ya kwanza hadi ya mwisho: kufikia mwisho wa mada ndogo, mwanafunzi aweze kutambua, aweze kueleza, aweze kuthamini. Kazi yangu ni kuandaa violezo vya maazimio hayo na kuketi na walimu, Lodwar na Kakuma huko Turkana, tukivijaza. Swali linalonisumbua ni la katekisimu kuliko la ofisi: nani ametupa ruhusa ya kuahidi hivyo juu ya nafsi ya mtoto?

Mwalimu mwenzangu Msomali huandika inshallah kwa penseli pembeni mwa safu hiyo. Wakaguzi wakitarajiwa, anafuta.

"Mwalimu, si uiache tu?"

"Haina safu yake," akanijibu huku akicheka.

Suratul Kahf inamkanya anayesema atafanya jambo kesho bila kutaja mapenzi ya Mungu. Waraka wa Yakobo unawaonya vivyo hivyo wafanyabiashara waliokwisha kupanga faida ya mwaka mzima. Kakuma hakuna anayehitaji kukumbushwa hilo. Kambi hii ya wakimbizi ilianza 1992 kwa vijana waliokimbia vita Sudan. Leo wapo watoto ambao hata wazazi wao walizaliwa humo. Katika Gredi ya Nne, kwenye darasa la watoto zaidi ya mia, utamkuta Mrundi wa miaka kumi karibu na kijana wa Sudan Kusini mwenye ndevu zinazoota. Laga ya Tarach, mto wa msimu, ikijaa, walio ng'ambo hawaji. Siku ya mgao wa chakula madawati hubaki wazi. Lakini maazimio yaliyopakuliwa mtandaoni, yakabadilishwa jina la shule tu, yanajua kwa hakika kitakachoeleweka wiki ya tatu, kipindi cha pili!

Aliyenisaidia hapa ni Mwafrika wa kale, Agostino wa Hippo, aliyekuwa mwalimu wa ufasaha kabla ya kuwa askofu. Karibu mwaka 400, Deogratias, shemasi wa Carthage, alimlalamikia kwamba akifundisha wageni wa imani huchoka mwenyewe, maneno yakapoa mdomoni. Agostino akamjibu kwa kitabu kizima. Muulize kwanza mgeni kilichomleta, uanzie hapo. Aliyesoma usimrudishie anayoyajua. Akipiga miayo, huenda amechoka kusimama: mpe kiti. Hilo la kiti nalipenda kuliko mengi aliyoandika kuhusu neema.

Basi kiolezo changu huanza na safu ambayo kwa kawaida huwa ya mwisho na nyembamba kuliko zote, Maoni, ile ambayo muhula mzima hujazwa "somo lilifaulu". Nimeipanua, na juu yake pana swali: jana nani hakuelewa, na nini? Majina matatu tu, kesho mengine. Mwalimu mmoja aliandika kwamba mtoto anasoma "ng'ombe" vizuri, ila "ngoma" kwake ni "ng'oma". Kipindi kilichofuata kilianza na ngoma, nguo na ngazi, dakika kumi kati ya thelathini na tano.

Mwalimu mkuu mmoja alinipinga, na hoja yake ina uzito. Ukimwachia Mungu matokeo, alisema, mtoto wa Turkana atafundishwa kidogo kwa kuonewa huruma, na mtihani wa Gredi ya Sita ni uleule wa Nairobi. Ndiyo maana ile safu ya ahadi sikuifuta. Naisoma kama nadhiri, na nadhiri humfunga aliyeiweka. Mtoto asipoweza, mwenye deni ni mwalimu, na Maoni ndiyo daftari la deni lenyewe.

Kuna ugumu mmoja. Walimu wakimbizi wengine hupata makazi Canada katikati ya muhula, na anayepokea darasa hukuta majina yaliyoandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka. Mmoja aliniuliza kama anadaiwa asichoahidi. Nilimwambia anadaiwa, na bado nashikilia hivyo, ingawa analipwa posho tu, tena ndogo kuliko mshahara wa Mkenya aliye darasa la jirani, na sijui kwa nini yeye awe wa kwanza kukumbushwa madeni.