Wasifu Usiotaja Bao

Katika ukoo wetu mimi ndiye "mwandishi". Cheo hicho kina kazi moja isiyolipwa: mtu akifariki, naitwa niandike wasifu wa marehemu. Nimeandika wa bibi, wa baba mkubwa, wa shangazi zangu wawili. Mwaka juzi nikaandika wa baba, nyumbani Dumila, usiku wa kuamkia mazishi. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo niliandika kwenye simu, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, huku wanawake wakiimba chini ya turubai.

Wasifu huo unaujua, msomaji, hata kama baba humjui. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akafunga ndoa, akajaliwa watoto watano, akaugua, akafikwa na mauti, ameacha mjane na wajukuu tisa. Badilisha majina, usome kwenye msiba wa jirani, hakuna atakayeshtuka. Sisi tunaopenda vitabu tunajua neno hili lina uzito zaidi. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad alikuwa anatuonyesha mtu, si kuhakiki cheti chake cha kuzaliwa. Lakini ule wa msibani umekuwa kama fomu, na mimi usiku ule nilikuwa karani wa kuijaza.

Nilipofika kwenye mambo aliyoyapenda marehemu, mama akanigeukia. Alikuwa kimya tangu asubuhi.

"Habari za bao usiweke."

Sikumuuliza kwa nini. Niliandika "alipenda familia yake na kazi yake," nikaendelea.

Sasa nieleze. Baba alikuwa fundi baiskeli pale njia panda, barabara ya Kilosa inapoachana na ile ya Morogoro kwenda Dodoma. Ukipita na basi utaona wauza nyanya na vitunguu wakikimbilia madirishani. Nyuma yao, miaka ile, alikuwepo yeye na pampu yake. Saa kumi jioni alinawa mikono kwa mafuta ya taa, akaenda chini ya mwembe ulio nyuma ya mashine ya kusaga. Huko hakuwa fundi tena, wala baba wa mtu. Mtu mpole kabisa, ambaye nyumbani hata kuku alimfukuza kwa adabu, kwenye bao alipiga kelele, alitania, aliimba, alijisifu. Nikitumwa kumwita nilisimama kando kwanza nimtazame. Nilikuwa namwonea wivu yule mtu wa pale, maana nyumbani hatukuletewa.

Kabla ya kuoa aliwahi kuishi Morogoro mjini, akibeba mikoba ya wacheza gofu kwenye uwanja wa Gymkhana, chini ya milima ya Uluguru. Gofu ilimshangaza maisha yake yote. "Watu wazima, wana magari," alikuwa akisema, "wanatembea juani kufuata kipira. Na kipira wanakipiga wenyewe kiende mbali!" Alicheka, halafu anaongeza kwamba anawaelewa. Mwenye gofu ana gofu yake, yeye ana bao.

Miaka mingi baadaye nikasoma kitabu cha mwanafalsafa Bernard Suits, The Grasshopper, cha mwaka 1978, nikakuta baba yangu na Suits wameona kitu kilekile. Suits anasema kama shida yako ni mpira uingie shimoni, ungeubeba tu ukautumbukize kwa mkono. Mcheza gofu anakubali kwa hiari yake kufanya jambo kwa njia ngumu, kwa sababu bila ugumu huo mchezo haupo. Na bao ni hivyohivyo. Mashimo 32, kete 64, na usipoweka sharti lolote unaweza kuzihamisha zote upande wako kwa kiganja kimoja. Badala yake unaanza na kumi ubaoni na 22 mkononi, unaziingiza mojamoja, unakula kwa masharti, unatawanya ulichokula upande wako mwenyewe. Hakuna kete inayotolewa nje hadi mwisho. Wazee wanakaa saa mbili kwa ajili ya jambo lisilo na faida yoyote, na hawajawahi kuwa makini hivyo kwenye mkutano wa kijiji.

Suits anakwenda mbali zaidi: anadai kwamba kama siku moja mahitaji yetu yote yangetimizwa, kitakachobaki chenye maana ya kuishi ni kucheza. Panzi wake, yule wa hadithi ya panzi na sisimizi, yuko tayari kufa kuliko kuacha kuwa panzi. Ni hoja tamu. Ila mimi nimekulia Dumila, na najua panzi wa Dumila jioni alirudi nyumbani akakuta ugali.

Nani aliusonga? Hapa ndipo hoja inaponikwama. Saa kumi ile baba aliponawa mikono, mama alikuwa ndiyo kwanza anatoka shambani, bado kuni, bado maji, bado sisi watano. Hakuwa na mwembe wake. Chini ya mwembe ule sikuwahi kumwona mwanamke ameketi kwenye zamu ya bao. Walipita na ndoo kichwani, wakasalimia, wakaenda. Kwa hiyo nikisema baba alikuwa yeye mwenyewe zaidi pale kwenye bao, lazima nikiri kwamba uhuru huo ulikuwa na mtu anayeulipia. Mama alikuwa na haki ya kutotaka usifiwe mbele ya jeneza.

Na kulikuwa na lile la mafuriko. Januari 2014 Mto Mkundi ulifurika, maji yakaingia kwenye nyumba za watu, na barabara kuu ya Morogoro–Dodoma ikakatika pale darajani. Mama aliwatoa wajukuu wawili. Baba alirudi ndani mara mbili, maji yakiwa yamefika mapajani. Mara ya kwanza alitoka na cherehani ya mama. Mara ya pili alitoka na bao. Sanduku la bati lilibaki, na ndani yake ilikuwemo picha pekee ya harusi yao. Hatukuiona tena. Tangu siku hiyo, miaka yote iliyofuata, mgeni akisifia lile bao, mama alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ndiyo mke mkubwa hilo."

Basi, wasifu wangu ulisomwa kanisani. Kila sentensi ilikuwa ya kweli. Watu walitikisa vichwa, mchungaji akanishukuru kwa kuandika vizuri. Mimi nilikaa pale nikijua nimemwelezea mtu ambaye nisingemtambua njiani. Kazini mhariri angenirudishia: mhusika yuko wapi? Uongo si lazima useme lisilokuwepo. Unaweza kupanga ukweli mtupu, mstari kwa mstari, mpaka mtu apotee katikati yake.

Tuna mazoea haya hata kwa wakubwa. Mwalimu Nyerere alipofariki Oktoba 1999 tulikumbushwa Azimio la Arusha, Vita vya Kagera, ukombozi wa kusini mwa Afrika, na ni haki. Kwamba alipenda sana bao limebaki jambo la pembeni, la picha. Na Mzee Karume, simulizi nyingi zinasema jioni ile ya 7 Aprili 1972 pale Kisiwandui risasi zilimkuta kwenye bao na wenzake. Tunalitaja kama eneo la tukio tu. Nadhani tunawakumbuka watu kwa walichokuwa wanatudai au tulichokuwa tunawadai: kazi, watoto, nchi. Alichopenda bure bure hakimhusu mdai yeyote, kwa hiyo hakiandikwi.

Aliyeniumbua ni mtani. Kwetu Ukaguruni utani si wa makabila tu, ni wa koo kwa koo, na msibani watani wana kazi rasmi. Beidelman, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyefanya utafiti kwetu miaka ya 1950, aliandika mwaka 1966 makala nzima kuhusu utani wa Wakaguru na jinsi unavyofungamana na kifo. Sisi hatukuhitaji makala. Tulipotoka makaburini, tukiwa tumeshatoa hela ya kufunguliwa njia, mzee mmoja wa ukoo wa watani zetu alijitokeza uani amevaa kofia ya baba na koti lake la kazi. Kichwani amebeba bao. Suruali ameikunja mpaka magotini, anatembea kwa kunyanyua miguu juu, kama mtu anayevuka maji. Uani kulikuwa kukavu, vumbi tupu.

Akasimama mbele ya mama. Akasema, kwa sauti ya baba kabisa, ile ya upole: "Mama watoto, usilie. Mke mwenzio nimemwokoa."

Watu waliganda. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mama alimtazama kwa muda mrefu, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya turubai, na kicheko kikageuka kilio, cha kwanza tangu baba afariki, na mtani akatua bao chini akamshika mkono, akamwomba shilingi elfu tano ya usafiri wa majini. Akapewa.

Nimefikiria sana kwa nini yeye aliweza. Si ujasiri. Ningesema mimi maneno yaleyale, ungekuwa utovu wa adabu: mtoto anamdhihaki baba na kumchoma mama. Yeye alikuwa na ruhusa ambayo hakujipa mwenyewe, aliyopewa kabla hajazaliwa, na ndani yake hakuna anayetetewa wala anayeshtakiwa. Baba alionekana alivyokuwa, na kosa lake lilikuwemo, na mama naye akaonekana. Wasifu wangu ulikuwa umemfuta hata mama; nilimtaja mara moja tu, kama mjane.

Sijui kama ruhusa hiyo mwandishi anaweza kuipata. Hapa ninapoandika nimemuuliza mama kwanza kwa simu. Akasema: "Andika. Ila useme na cherehani alitoa. Na alianza nayo."

Baada ya arobaini wazee wa mwembeni walikuja kuliomba lile bao. Mama akawajibu halitoki. Wakainuka waondoke, akawaambia wakae, kama wanataka kucheza wachezee palepale barazani. Sasa wanakuja kila jioni. Analalamika kwamba wanapiga kelele, hawaondoki mpaka giza liingie, na mmoja wao hajalipa chai ya wiki mbili.