Wanaosubiri Bustani

Mradi mkubwa huanza kugusa watu kabla haujajengwa. Siku unapotangazwa, bei ya kiwanja hubadilika, mwenye karakana huahirisha kununua mashine mpya, na mwenye nyumba huacha kupaka rangi ukuta ambao huenda ukabomolewa. Hakuna tofali lililowekwa, lakini maisha yamekwisha sogezwa. Watu huupima mradi kwa faida itakayopatikana ukikamilika. Ni wachache wanaohesabu kinacholiwa wakati wa kuungoja.

Uingereza imelipitia jambo hili kwa namna mbili tofauti, na bustani mbili za burudani: moja haikujengwa kamwe, nyingine inatarajiwa kufunguliwa mwaka 2031. Ya kwanza ndiyo yenye mengi ya kufikiriwa.

Kwenye ukingo wa kusini wa Mto Thames, mashariki mwa London, ipo rasi ya Swanscombe katika kaunti ya Kent. Kwa zaidi ya karne moja na nusu watu walichimba chokaa hapo na kuchoma saruji, hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1990. Yalibaki mashimo, vinamasi, na malundo ya vumbi la matanuri. Polepole mafundi wadogo na wenye maghala walijitafutia nafasi pembezoni, na sehemu ambazo hakuna aliyezitaka zikaota nyasi. Oktoba 2012 ikatangazwa kwamba hapo itajengwa bustani ya burudani yenye jina la studio ya filamu ya Paramount, kubwa kuliko zote nchini, kwa mabilioni ya pauni.

Mwaka 2014 serikali iliupa mradi hadhi ya umuhimu wa kitaifa. Ulikuwa mradi wa kwanza wa biashara ya aina hiyo kuipata. Hadhi hiyo ina uzito. Kwa kawaida anayetaka kujenga hupeleka maombi kwenye halmashauri ya mahali, madiwani wakayajadili, nao ni watu wanaokutana na wapiga kura wao sokoni. Mradi wa kitaifa hupanda juu zaidi: wakaguzi wa serikali kuu huuchunguza na waziri ndiye anayeamua. Zaidi ya hapo, mwenye mradi anaweza kuomba mamlaka ya kutwaa ardhi ya wengine kwa nguvu ya sheria na kuwalipa fidia. Hapo ndipo aliyekuwa jirani anageuka kuwa kikwazo kwenye ramani ya mtu mwingine.

Katika rasi ile na pembezoni mwake zilikuwepo biashara zaidi ya mia moja. Tuchukue moja ya namna hiyo tuitazame kwa karibu, kwa kuwa mambo makubwa hueleweka yakishashuka hadi kwenye daftari la mtu mmoja. Fundi ana karakana ya kupanga. Mkataba wake unakaribia kwisha, na mwenye jengo hataki kumpa mkataba mrefu, kwa sababu hajui kama jengo litakuwepo. Bila mkataba mrefu, benki inasita kumkopesha. Bila mkopo hawezi kubadilisha mashine iliyochakaa, na bila mashine hawezi kuchukua kazi kubwa. Kijana wake hodari anasikia kwamba mahali patabomolewa, anatafuta ajira kwingine. Hakuna aliyemfukuza fundi huyu wala kumtendea kosa ambalo mahakama ingelisikiliza. Hata hivyo anapungua mwaka hadi mwaka, na hasara yake haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote, kwa sababu fidia hulipwa kwa kilichochukuliwa, si kwa kilichozuiwa kukua.

Msomaji wa huku kwetu ambaye nyumba yake imewahi kupigwa alama ya X nyekundu, kisha miaka ikapita bila tingatinga kufika wala alama kufutwa, hahitaji kuelezwa zaidi.

Miaka ikaenda. Paramount ilijitoa mwaka 2017, ikarudi mwaka 2019. Tarehe ya ufunguzi ilisogezwa mbele, ikasogezwa tena. Mawaziri wakuu watatu walipita. Maombi rasmi yalipokelewa kwa uchunguzi Januari 2021, zaidi ya miaka minane tangu tangazo la kwanza. Machi mwaka uleule, Natural England, chombo cha serikali kinachosimamia mazingira asilia, kikatangaza rasi ile kuwa eneo lenye thamani maalumu ya kisayansi, na Novemba kikathibitisha. Machi 2022 kampuni yenye mradi iliondoa maombi yake, ikisema itayaleta upya kabla ya mwaka kwisha. Haikuyaleta. Mwaka 2023 ilikuwa ikitafuta mapatano na watu wanaoidai.

Wengi walipozungumzia kuanguka kwa mradi ule walimtaja buibui. Juu ya lile vumbi la saruji, kwenye udongo mkavu wa kijivu ambao mkulima asingeutazama mara mbili, anaishi buibui mdogo wa milimita chache, wa jamii ya wale wanaowinda kwa kuruka. Katika Uingereza yote anajulikana kuwa mahali pawili tu: hapo Swanscombe, na ng'ambo ya mto katika vinamasi vya West Thurrock. Ikasemwa kwamba buibui amewanyima watu maelfu ya ajira.

Nadhani hapo alionewa. Mradi ulikuwa umesuasua miaka minane kabla jina lake halijatajwa hadharani. Sehemu ya ardhi ilikuwa mikononi mwa wengine. Ng'ambo ya mto, bandari ya Tilbury, ambako wageni walitarajiwa kupandia vivuko, ilikuwa na mipango yake, na kampuni yenyewe iliitaja bandari hiyo ilipoeleza kwa nini inaondoa maombi. Watoa majina ya kibiashara walikuwa wakiingia na kutoka. Lakini jambo kubwa likianguka, watu hutafuta sababu inayosimulika kwa sentensi moja. Mdogo hubebeshwa lawama kwa sababu ni mwepesi kubeba. Aliyeshindwa hupata mahali pa kujificha, na aliyempa hadhi bila kumkagua hupata mahali pazuri zaidi.

Basi kosa lilikuwa wapi? Kuota bustani si kosa. Watu wanahitaji mahali pa kucheka na watoto wao, na eneo lililochimbwa likaachwa lina haki ya kutafutiwa kazi nyingine. Kusema hapana pia si kosa. Mimi naliona katika hadhi iliyotolewa bila kikomo cha muda. Serikali ilimpa mtu jina lake atembee nalo, na mwenye jina la serikali huaminika kuliko mfuko wake. Dola ikiazimisha jina lake, ikumbuke kulidai. Ingewezekana kusemwa: tumekupa miaka mitatu, tuonyeshe fedha zilipo, tuonyeshe ardhi ni ya nani, lete maombi, usipoleta, hadhi imeondoka na majirani wako wako huru. Maneno hayo yasingegharimu chochote siku ya kutangaza. Hayakusemwa, kwa sababu siku ya kutangaza kila mmoja hutazama mbele, na anayetaja mwisho huonekana anaombea mabaya.

Na tabia ya siasa huongeza uzito. Mwanasiasa huvuna sifa siku ya tangazo, mkazi huvuna matokeo miaka kumi baadaye. Mavuno mawili yasiyokutana msimu mmoja hayawezi kupimana. Waziri aliyesimama mbele ya picha za kuvutia huwa ameshahamia wizara nyingine swali linapoulizwa, na aliyempokea kiti haoni sababu ya kufuta alichokitoa mwenzake, kwa kuwa kufuta ni kukiri, na kukiri hakumpi mtu kura. Hivyo ahadi huachwa ining'inie.

Mwisho wa haraka, hata ukiwa mchungu, una heshima yake. Novemba 1993 kampuni ya Disney ilitangaza kwamba itajenga bustani yenye mada ya historia ya Marekani karibu na mji mdogo wa Haymarket, Virginia, maili chache kutoka uwanja wa Manassas ambako vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipiganwa mara mbili. Ardhi ilikuwa imetafutwa kimyakimya kwa majina mengine. Gavana George Allen aliunga mkono, na mwaka 1994 bunge la jimbo likakubali kutenga dola milioni 163 kwa ajili ya barabara na mengineyo. Huko juu milango yote ilikuwa wazi. Walioinuka ni wanahistoria, akina David McCullough na James McPherson, pamoja na wakazi wenye mashamba makubwa na uwezo wa kulipa mawakili. Septemba 1994 Disney wakaacha, hata mwaka haujatimia.

Sitaki kuisimulia hadithi ile kama ushindi mtupu. Kati ya waliopinga walikuwamo waliopenda historia na waliopenda utulivu wa mashamba yao, na si rahisi kuwatenganisha. Waliotamani ajira katika kaunti ile hawakuwa na waandishi mashuhuri wa kuwasemea. Mwenye nafasi ya kupinga kwa kawaida ni mwenye nafasi. Lakini wote, waliofurahi na waliohuzunika, walijua msimamo wao ndani ya miezi kumi na moja, wakarudi kupanga maisha. Hapana ya mwaka mmoja ina huruma kuliko labda ya miaka kumi.

Sasa bustani ya pili, ile ya mji wa Bedford. Desemba 2023 ilijulikana kwamba kampuni ya Universal imenunua ekari 476 kusini mwa mji huo, mahali paitwapo Kempston Hardwick, palipokuwa na kiwanda cha matofali. Yaani ardhi ilinunuliwa kwanza, maneno yakafuata. Aprili 2025 waziri mkuu Keir Starmer akatangaza kwamba makubaliano yamefikiwa. Inakadiriwa wageni milioni 8.5 katika mwaka wa kwanza, na ajira 28,000 kwa jumla, ambazo nyingi ni za wakati wa ujenzi. Njia iliyochaguliwa ya kibali ni amri maalumu ya waziri. Hapa napo halmashauri imepitwa juu, ila kwa mwendo wa kasi.

Watu wa pale walipoulizwa maoni na kampuni, majibu yalizidi 6,000 na waliokubali walikuwa asilimia 92. Wapo watakaoona hiyo ni nguvu ya jina maarufu. Nionavyo mimi, iko pia kumbukumbu. Bonde lile liliishi kwa udongo wa mfinyanzi. Baada ya vita kuu ya pili viwanda vya matofali viliita vibarua hadi kutoka kusini mwa Italia, na wajukuu wao bado wako Bedford. Kazi ikapungua, matanuri ya mwisho jirani hapo Stewartby yakazimwa mwaka 2008, na mabomba marefu ya moshi yaliyobaki yakaangushwa mwaka 2021. Mahali palipozoea king'ora cha zamu hupokea habari za ajira kwa moyo tofauti na mahali palipozoea farasi wa matembezi. Kuuliza mradi ni mzuri au mbaya bila kuuliza unatua kwenye nini ni kuuliza nusu.

Hata hivyo asilimia 92 haimalizi mambo. Wengi wakikubali, deni kwa wachache huongezeka, kwa sababu wachache hao hawana tena wa kuwatetea. Asilimia nane iliyobaki ndiyo yenye kusema habari za mwanga usiku, foleni za magari Jumamosi, maji ya mvua yatakayotafuta njia mpya baada ya ardhi kufunikwa saruji. Maswali yao si ya chuki. Ni maswali ambayo wenye furaha hawana muda nayo.

Na lipo jambo moja la Bedford linalopaswa kufuatiliwa kwa makini. Kando ya eneo la bustani upo mji mpya unaoitwa Wixams. Walionunua nyumba huko waliambiwa kitajengwa kituo cha treni. Wakangoja zaidi ya miaka kumi, wakiendesha magari hadi vituo vya mbali huku treni za kwenda London zikipita karibu na madirisha yao bila kusimama. Bustani ilipotajwa, kituo kilekile kikapata uzito mpya, na serikali ikaahidi kukipanua kiwe kikubwa kuliko kilivyochorwa mwanzoni. Nawafurahia kwa dhati. Treni ikisimama, haimwulizi abiria kituo kilijengwa kwa ajili ya nani. Lakini maelfu ya watu waliomba kwa miaka wasipate walichopata mgeni mmoja tajiri alipofika, na wasimamizi wa mipango wanapaswa kulijibu hilo kwa maandishi: ratiba ya kituo, idadi ya treni zitakazosimama asubuhi ya siku ya kazi wakati bustani bado imefungwa, nauli, na jina la ofisi itakayowajibika tarehe zikipita. Majibu hayo yatolewe sasa, kabla 2031 haijafika, wakati mwenye mradi bado anahitaji kitu kutoka kwao.