Mzee Hurithiwa Nini? Katika Kumkumbuka Malam Aminu Kano

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Wazee wetu wametuachia neno hili: penye wazee haliharibiki neno. Ni neno la kweli, lakini kila neno la kweli lina sharti lake, na ukiliondoa sharti hubaki mdomo mtupu. Mara ngapi twaona mahali penye wazee wengi, wenye ndevu nyeupe na majoho mazuri, na neno likaharibika mbele ya macho yao? Mali ya yatima ikaliwa, wakfu ukauzwa, mnyonge akadhulumiwa, nao wamekaa safu ya mbele wakivuta tasbihi. Basi yatupasa tuulize: mzee ni nani? Ni mwenye miaka mingi? Ni mwenye nasaba? Ni mwenye mali, au mwenye cheo? Na akisha kufa, sisi tuliobaki twarithi nini kwake, na deni gani limebaki shingoni mwetu?

Masuala haya hayafai kujibiwa kwa maneno ya hewani. Ni bora tumtwae mtu mmoja ambaye khabari zake ni maarufu, tuyapime maneno yetu kwake. Mtu huyo si wa pwani hii. Ni wa nchi ya Nijeria, katika mji wa Kano, nao ni mji wa Waislamu tangu zamani. Jina lake ni Malam Aminu Kano. Alizaliwa huko mwaka 1920, na huko akafa tarehe 17 Aprili 1983. Mwenyezi Mungu amrehemu. Neno malam kwa Wahausa ni ndugu ya neno letu mwalimu, yote mawili yametoka kwa muallim wa Kiarabu. Na Aminu ni mwenye kuaminiwa. Tutatazama kama jina hilo lilimkaa.

Tuanze kwa nasaba, kwani sisi watu wa pwani hiyo ndiyo huuliza kwanza. Malam Aminu alikuwa wa ukoo wa Genawa, Wafulani wa Kano, watu wa ilimu na sharia. Babaye, Malam Yusufu, alikuwa mwanachuoni. Mamaye alijua kusoma na kuandika, naye ndiye aliyemshikisha herufi za mwanzo. Akasomea ualimu, akafunza, na baada ya vita vilivyokwisha 1945 akapelekwa London kuzidisha masomo, pamoja na Abubakar Tafawa Balewa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Nijeria. Basi mtu wa ukoo huo na ilimu hiyo, mlango ulikuwa wazi mbele yake. Lau alinyamaza, angepewa cheo, angejengewa nyumba, na watu wangemwinamia mpaka kufa kwake.

Lakini alitazama hali ya nchi yake. Waingereza waliitwaa Kano mwaka 1903, wakawaacha masultani wa nchi, ambao kule huitwa maamiri, katika viti vyao, wakatawala kwa mikono yao. Ikawa mkono ule ule uliotoza kodi ndio uliowaweka makadhi, na ndio uliofunga watu jela. Mtu mdogo akidhulumiwa na aliye juu, hukumu yake ni kwa huyo huyo aliye juu. Watu wadogo hao kwa Kihausa huitwa talakawa: wakulima, wachungaji, wachuuzi wa sokoni, watu wasiokuwa na cheo wala mwombezi. Na ajabu yake ni kuwa katika nchi hiyo hiyo, mwaka 1804, Shehu Usman dan Fodio alikuwa amesimama kuwapinga wafalme waliotoza watu mali zao bila ya haki. Malam Aminu hakuleta mizani mpya. Aliitwaa mizani ile ile ya Shehu, akawapimia waliokalia viti vya wanafunzi wa Shehu.

Mwaka 1950, tarehe 8 Agosti, vijana walifanya chama huko Kano, kikajulikana kwa herufi NEPU. Mwaka huo huo Malam Aminu aliacha kazi yake ya ualimu wa serikali akaingia chamani, akawa ndiye kiongozi wao. Neno lao la kuitana lilikuwa sawaba, yaani nafuu, faraja baada ya dhiki. Hawakushika silaha. Walifunza, walihutubu, walifungua vyuo, walisimama katika kura. Pamoja na hayo wengi wao walitiwa jela kwa hukumu za makadhi wa nchi. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Gambo Sawaba, aliyefungwa mara nyingi na hakuacha neno lake mpaka kufa kwake mwaka 2001. Malam Aminu mwenyewe alishindwa katika kura, akarudi, na mwaka 1959 ndipo alipoingia katika Baraza la Wawakilishi la nchi nzima.

Hapa pana fundisho la kwanza. Watu wengi huiona nasaba kuwa ni hati ya kudai: mimi ni mwana wa fulani, basi nipisheni. Huyu aliiona nasaba kuwa ni hati ya deni: mimi ni mwana wa wanavyuoni, basi watu wananidai ilimu na haki. Jina ni lile lile na ukoo ni ule ule, lakini mmoja hushika hati upande wa mwenye kudai, na wa pili upande wa mwenye kudaiwa. Natufikiri, ndugu zangu, sisi tunaohesabu mababu mpaka kumi: twazihesabu hesabu hizo tupate kulipa, au tupate kulipwa?

Akisema mtu: «Huyu aliwapinga wakubwa wake, na kuwapinga wakubwa ni kukosa adabu na kuleta fitina, basi vipi mwamwita mzee?» Tutamjibu kuwa adabu na utiifu ni mambo mawili, wala si moja. Adabu ni haki ya kila aliyekutangulia, mwema na asiyekuwa mwema. Kwamba usimtukane, usimvunjie uso, usimdhihaki. Ama utiifu una mpaka, nao ni haki. Dini yetu haikumpa kiumbe yeyote utiifu katika kumuasi Muumba. Mtu aweza kuinama amwamkie mzee wake, kisha akainua uso akamwambia: «Baba, hili si haki.» Kuinama kule ni adabu, na kusema kule nako ni adabu, kwani kumnyamazia mzee mpaka akafa na dhulma mkononi si kumheshimu, ni kumwacha aangamie. Na fitina huletwa na nani? Huletwa na adhulumuye, au na asemaye kuwa dhulma ipo?

Tumtazame pia katika jambo la wanawake, kwani hapo ndipo wengi waliposhindwa. Malam Aminu alisema kuwa mtoto wa kike ana haki ya ilimu, na mwanamke ana haki ya kura. Akaambiwa kuwa hayo ni mambo ya Wazungu. Lakini binti wa Shehu mwenyewe, Nana Asma'u, aliyezaliwa 1793 akafa 1864, alikuwa mwanachuoni na mshairi, naye aliwatuma wanawake kwenda vijijini kuwafunza wanawake wenzao dini na kusoma. Basi lililoitwa geni lilikuwa la nyumbani. Kilichokuwa kigeni ni kusahau. Hata hivyo, wanawake wa kaskazini ya Nijeria hawakupewa kura ila mwaka 1976, robo karne na zaidi tangu chama chake kuanzishwa. Mtu asemaye kweli mapema hana budi kukaa nayo peke yake muda mrefu, na subira hiyo ni sehemu ya uzee.

Kisha tulitazame jina lake, Aminu. Mwaka 1967 alitiwa katika serikali ya nchi nzima, akashika kazi ya mawasiliano, na baadaye kazi ya afya. Mali nyingi hupita katika mikono ya wenye kazi kama hizo, na mikono mingi hubaki na mafuta. Yeye alikufa hali si tajiri, katika nyumba ya kawaida ya mtaa wa Gwammaja, na hili walilikiri hata wasiokuwa wa dini yake. Chinua Achebe, mwandishi mashuhuri, mtu wa kabila la Igbo tena Mkristo, alijiunga na chama chake, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1983 alimtolea mfano wa kiongozi aliye mwema. Mtu akishuhudiwa na mwana wa kabila lake, huenda ni mapenzi. Akishuhudiwa na wa mbali, hiyo ni shahada.

Sasa tumefika penye uzito. Mwaka 1978 Malam Aminu alianzisha chama cha pili, PRP. Mwaka 1979 alisimama kutaka urais, asiupate, lakini chama chake kilipata magavana wawili, Abubakar Rimi wa Kano na Balarabe Musa wa Kaduna. Hawa walikuwa wadogo zake na wanafunzi wa njia yake. Wakaondoa haraji, kodi ya vichwa, na jangali, kodi ya ng'ombe, zilizowaelemea talakawa tangu zamani. Kisha wakahitalifiana naye. Wao walikutana na magavana wa vyama vingine waliokuwa wakiipinga serikali ya nchi, mzee akakataza, wao hawakukubali, chama kikapasuka vipande viwili. Mwaka 1981 Balarabe Musa aliondolewa katika kiti chake na baraza la jimbo, ambalo wengi wake walikuwa wa chama kingine.

Wengine husema: «Jambo hili tulifunike, kwani tumeamrishwa kutaja mema ya waliokufa.» Ni kweli tumeamrishwa. Lakini kutaja hitilafu si kutaja aibu, na mzee akisafishwa mpaka asibaki na uso wa mtu, hawezi kumfaa mtu. Natulitazame suala lenyewe. Mtu aliyewafunza vijana wasitii tu kwa kuwa aliyeamrisha ni mkubwa, akawa sasa yeye ndiye mkubwa, na vijana wakamwambia la. Je, walimvunjia heshima, au walishika mafunzo yake? Na yeye, alipowataka watii, alikuwa ameyasahau mafunzo yake, au alikuwa akilinda chama kisije kikauzwa?

Sisi hatuketi hapa kuwahukumu. Huenda mzee alikuwa na haki, kwani chama ni ahadi, na aliyeingia katika ahadi hana ruhusa kuiendesha kwa matakwa yake. Huenda vijana walikuwa na haki, kwani kukutana na watu si kuacha njia. Lakini liko jambo moja ambalo twaweza kulisema bila ya shaka. Vijana wale waliweza kusimama mbele ya mzee wao wakamwambia la, na walilisema kwa maneno ya haki za talakawa, maneno waliyoyapata kwake. Mzee dhalimu hawaachii watoto wake mizani. Huwaachia woga tu, na siku afapo woga hufa naye, wakabaki hawana kitu. Mzee mwema huwaachia mizani, na mwenye kuwapa watu mizani hana budi kukubali kuwa siku moja atapimwa nayo yeye mwenyewe. Hiyo si hasara yake. Hiyo ndiyo dalili kwamba mizani imefika mkononi.

Basi hili ndilo jawabu la suala letu. Mzee harithiwi cheo, kwani cheo ni cha serikali. Harithiwi mali, kwani mali ina sharia yake ya mirathi nayo ni ya wenyewe. Harithiwi hata rai zake zote, kwani rai huwa na wakati wake. Hurithiwa mizani, na yule amheshimuye kweli ni yule aishikaye mizani ile sawasawa, hata ikiwa siku hiyo aliyewekwa katika kitanga ni mzee mwenyewe.

Leo kiwanja cha ndege cha Kano chaitwa kwa jina lake, na nyumba yake ya Gwammaja imekuwa mahali pa kutafuta na kufunza ilimu ya utawala wa watu, chini ya Chuo Kikuu cha Bayero. Na chuo hicho kimeitwa kwa jina la Abdullahi Bayero, aliyekuwa amiri wa Kano tangu 1926 mpaka 1953, yaani siku zile zile Malam Aminu alipokuwa akiupinga utawala wa maamiri. Jina la amiri leo lailinda nyumba ya mpinzani wake. Lakini jina juu ya ukuta si ukumbusho. Kiwanja chaweza kuwa na jina la mtu mwaminifu, na walioko ndani yake wakala rushwa mchana.

Tumefunzwa kuwa mtu akisha kufa, milango ya amali yake hufungwa, isipokuwa ile ya sadaka iendeleayo, na ilimu inufaishayo, na mtoto mwema amwombeaye. Basi afapo mzee katika mitaa yetu, baada ya kumzika na kumwombea, na kabla ya kugombania nani atakaa mahali pake, natuulizane mambo matatu. Ni mnyonge gani aliyepata haki yake kwa sababu yake? Ni kitu gani alichoweza kukitwaa asikitwae? Na ni nani aliyemfunza hata akaweza kumwambia yeye mwenyewe: hapa umekosa? Tukipata majawabu, huyo alikuwa mzee, hata kama alikufa na miaka arobaini. Tusipoyapata, alikuwa na umri tu. Na sisi tulio hai, tunaoanza kuota mvi, natujiulize masuala hayo hayo kabla hatujaulizwa, kwani penye wazee wa namna hii ndipo neno lisipoharibika.

Mwenyezi Mungu amrehemu Malam Aminu na wazee wetu wote waliotutangulia, awasamehe walipokosa, na atujaalie sisi kuwa wenye kurithi mizani, wala tusiwe wenye kurithi majina. Amin.