Kinu Nyuma ya Mlango

Mwaka juzi, mwezi wa Julai, tulikwenda kwa mjane mmoja wa mtaa wetu kwa ibada ya nyumbani. Tulipobisha tulisikia kitu kizito kikikokotwa sakafuni, ndipo akatufungulia. Kilikuwa kinu. Mlango ulikuwa umepinda, komeo halifiki tena kwenye tundu lake, na katikati ya mbao palikuwa na ufa wa kupitisha kidole. Baridi ya Tukuyu ya mwezi wa saba mnaijua. Mama yule alikuwa akilala na kinu kimeegemezwa mlangoni. Mlango ule niliutengeneza mimi.

Hakunilaumu. Alisema, "Karibu, fundi," akanipa kiti, na baada ya maombi akatuletea chai. Heri angenitukana.

Maana nilijua. Zile mbao za msindano zilikuwa zimepasuliwa wiki tatu tu kabla. Ukizigonga zilitoa sauti nzito, ya maji. Nilizipigilia misumari, nikaziba mianya kwa gundi iliyochanganywa na unga wa msumeno, nikapaka vanishi. Kwa macho ulikuwa mlango mzuri. Bei tulikubaliana, pesa nikapokea, na Jumapili iliyofuata nilishika kapu la sadaka kama kawaida, mimi mzee wa kanisa.

Basi swali langu ni hili: fundi anawiwa nini na mtu asiyeweza kuikagua kazi yake?

Mzee aliyenifundisha useremala, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa na msumeno, randa, patasi tano na keekee ya kuzungusha kwa mkono. Mbao alizipanga chini ya paa nyuma ya nyumba, kila moja ikitenganishwa na mwenzake kwa vijiti ili upepo upite. Mafundi wa zamani walihesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mti uliokatwa haujaacha kutembea. Kadiri maji yanavyotoka ubao husinyaa, tena husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Mvua zikirudi hunywa unyevu na kuvimba. Ndiyo maana katika mlango wa kizamani fremu hushikana kwa ulimi na tundu, na ubao wa kati haupigwi msumari wala gundi. Huingizwa tu kwenye mfereji wa fremu, uwe na nafasi ya kupumua kiangazi na masika. Nilipomuuliza mara ya kwanza kwa nini asiukaze, alicheka. Alisema nikiukaza utajipasua wenyewe upate nafasi.

Lakini nisiwadanganye kwamba hayo ndiyo mapokeo ya babu zetu. Wazee wetu wa Kinyakyusa walijenga kwa mianzi. Joseph Thomson, Mskochi aliyepita nchi hii mwaka 1879, alizisifu sana nyumba zile kwa usafi na ustadi wake, na hazikuwa na msumari hata mmoja. Milango ya mbao yenye fremu tuliizoea baada ya wamisionari wa Kimoravian kufika Rungwe mwaka 1891. Kwa hiyo kijana anayetumia mashine leo asiambiwe kwamba anawasaliti mababu. Mimi mwenyewe napeleka mbao zangu kwenye mashine ya randa, na sioni dhambi hapo. Mkono wangu wa kuume hauna nguvu tena.

Kilichonivuta kwa yule mzee ni kitu kingine. Usiku mmoja aliletewa kazi ya jeneza, maziko kesho yake saa nane. Alipomaliza nje akaanza kupiga randa ndani. Nikamwambia, "Tata, ndani kutawekwa kitambaa, na kesho litafukiwa. Nani ataona?" Hakunijibu. Aliniambia nishike taa vizuri.

Nimelifikiria jambo lile kwa miaka mingi, na sina hakika kwamba alikuwa sahihi. Ile saa moja angeweza kulala. Na kama angeongeza bei kwa ajili ya ile randa ya ndani, wafiwa wangelipia kitu kisichowafaa. Upo ustadi ambao ni majivuno tu. Fundi hujipenda ndani ya kazi yake na kumtoza mwingine gharama za mapenzi hayo. Hakuongeza bei, namshuhudia. Lakini mafundi wa namna hiyo nimewaona.

Kijana mmoja ninayefanya naye kazi aliniambia wazi: "Baba, yule mama hakuwa na fedha za mlango wa ulimi na tundu. Ungemtajia bei ya mninga uliokauka, angebaki na pazia. Bora mlango mbovu." Hoja hii ina nguvu kuliko tunavyopenda kukiri sisi tunaosifu kazi za kale. Mninga unatoka mbali, huko Chunya na Tabora, na anayeweza kusubiri mwaka mzima mbao zikauke ni yule ambaye tayari ana mlango mwingine. Tukihubiri ubora bila kutaja bei, tunawahubiria wenye nacho.

Hata hivyo kijana aliruka kitu. Mama yule hakuchagua mlango mbovu. Alichagua mlango, na aliyejua kwamba ni mbovu nilikuwa mimi peke yangu. Ningaliweza kumwambia, "Mama, mbao hizi ni mbichi, mwezi wa saba zitapinda. Kwa fedha hizi naweza kukupa huu, au usubiri." Labda angeuchukua vilevile. Lakini angejua la kufanya, na angekuwa na haki ya kuniita nije kuurekebisha. Mithali 11 inaanza na mizani ya udanganyifu. Nilizoea kusoma pale nikiwafikiria wauza mahindi sokoni. Sasa naona vanishi nayo ni mizani.

Marko 6 inatuambia kwamba watu wa Nazareti walimwita Yesu seremala, tena kwa dharau. Yustino, Mkristo wa karne ya 2, aliandika kwamba alitengeneza majembe ya kukokotwa na nira. Nira ni kitu cha kuogofya kwa fundi. Ikiwa na kona moja isiyolainishwa, anayeumia ni ng'ombe, naye hawezi kusema. Mnunuzi ataiona nira imenyooka na ataridhika. Kidonda kitatokea shambani, mbali na karakana. Sidhani ni kukosea nikiwaza kwamba aliyetuita tujitie nira yake, akasema ni laini, aliwahi kupitisha kidole upande wa ndani.

Wiki moja baada ya ibada ile nilirudi kwa yule mama nikamwambia yote, pamoja na ile gundi na unga wa msumeno. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ulijua siku ile ile?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ndaga kwa kuniambia," akaenda kutazama sufuria yake jikoni. Sikuweza kujua kama amenisamehe, na sikuuliza.

Siku ile niliupigilia mlango ubao wa kuunyoosha na kusogeza tundu la komeo, kinu kikarudi jikoni. Mbao za mlango mpya ziko nyuma ya nyumba yangu, zimepangwa kwa vijiti. Kila akipita kwenda sokoni huniuliza, "Bado, fundi?" Nami humjibu, "Bado, mama."