Deni kwa Brashi ya Wino

Miongoni mwa maswali ya falsafa ya maadili, yaani elimu inayochunguza yapasayo na yasiyopasa kutendwa, limo hili: je, binadamu aweza kuwiwa na kitu kisicho na hisia? Katika utamaduni wa kuandika kwa brashi nchini China na Japani, swali hilo limo ndani ya kazi ya kila siku, kwa kuwa brashi ya wino hutengenezwa kwa manyoya ya mbuzi, farasi, sungura au kicheche yaliyopachikwa kwenye mpini wa mwanzi, nayo hudumu au huharibika kulingana na jinsi inavyooshwa.

Wino wa jadi ni masizi ya msonobari au ya mafuta, yaliyochanganywa na gundi itokanayo na ngozi za wanyama. Kinachoiua brashi si masizi bali gundi hiyo, ambayo hupanda hadi kwenye shina la manyoya, pale yanapoingia mpinini, ikakauka humo na kuyatanua mpaka ncha ikagawanyika na kushindwa kuchora mstari mmoja. Ndiyo maana brashi huoshwa mara tu kazi inapokwisha, kwa maji baridi au ya uvuguvugu, bila sabuni, ambayo huondoa mafuta ya asili ya manyoya, wala maji ya moto, ambayo hulegeza kinachoyashikilia. Vidole hulikamua shina polepole kuelekea nchani, tena na tena, kwa kuwa maji huweza kutoka safi ilhali ndani bado mna wino. Kisha ncha hurudishiwa umbo lake, na brashi ikatundikwa ikitazama chini ili unyevu usitulie shinani. Haifunikwi ikiwa bado na maji, isije ikaota ukungu, na ikihifadhiwa kwa muda mrefu huwekewa kafuri, kwani nondo hula manyoya.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1804, alifundisha kwamba anayeharibu kitu kizuri kisicho na uhai hakikosei kitu hicho, bali hudhoofisha ndani ya nafsi yake hisia inayousaidia wema. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Anayeosha brashi ili aukuze wema wake mwenyewe huwa anajitazama, na gundi iliyojificha shinani haionekani kwa anayejitazama. Kazi yenyewe humdai aisahau nafsi yake na kuuliza brashi hii, yenye manyoya haya, inahitaji nini.

Yaweza kujibiwa kwamba umakini huo ni ustadi tu, si deni. Hapo ndipo Ubudha una neno la kusema, kwani sharti lake la kwanza ni kujiepusha na kuua, na mtawa anayenakili maandiko matakatifu hushika mkononi manyoya ya kiumbe aliyekuwa hai, akayachovya katika wino ulioshikanishwa na ngozi ya kiumbe mwingine. Inasimuliwa kwamba Zhiyong, mtawa wa karne ya 6 nchini China na mzao wa Wang Xizhi, bingwa wa sanaa ya mwandiko, alikusanya ncha zilizochakaa katika vikapu vikubwa, akazizika na kuliandikia kaburi lao tanzia. Han Yu (768–824), mwandishi wa China, naye alitunga wasifu wa brashi kana kwamba ni mtumishi wa mfalme wa dola ya kale ya Qin, aliyeachwa alipozeeka na kupata upara, na mwishoni akaulaumu utawala huo kwa uchache wa fadhila. Mjini Kumano, mkoani Hiroshima, ambako hutengenezwa brashi nyingi za Japani, brashi kuukuu huchomwa kila mwaka, siku ya Septemba ambapo mchana na usiku hulingana, katika ibada iitwayo *kuyo*, yaani sadaka ya shukrani na maombezi.

Ni kweli kwamba moto huo haumrudishii mbuzi chochote. Hata hivyo, deni halifutiki kwa sababu tu aliyekopesha hayupo tena kulipokea, na aliyeiacha gundi ikakauka shinani alikwisha kulikana kabla ya kufika kwenye ibada. Inabaki brashi ya nailoni, ambayo gundi huiharibu vilevile ingawa hakuna mnyama aliyetoa manyoya yake; kwa hoja iliyotolewa hapa, hiyo humdai mwenye kuitumia umakini ule ule wa kuosha, lakini haimdai maombolezo.